Kilemba Mlangoni mwa Mahakama: Sura Moja ya Gandhi Tunavyoisoma Sisi

Safari hii katika kikao chetu cha kusoma tuliafikiana tuziweke riwaya kando kidogo, tushike kitabu ambacho wengi wetu tumekisikia tangu shuleni lakini tuliokisoma ni wachache. Nacho ni simulizi ya maisha ya Mohandas Gandhi, ile aliyoiandika kwa Kigujarati na kuitoa kipande kipande katika gazeti lake la Navajivan kati ya 1925 na 1929, kisha Mahadev Desai akaitia katika Kiingereza. Hatukukimaliza kitabu chote, na wala hatukuahidi. Tulisoma sehemu ya pili, na humo tukanasa kwenye sura moja fupi, ile inayosimulia jinsi alivyoomba kuandikishwa kuwa wakili katika koloni la Natal mwaka 1894, na jinsi Chama cha Mawakili cha huko kilivyosimama mahakamani kumpinga kwa sababu ya rangi yake.

Kwa nini tukanasa hapo? Tuseme kweli. Siku hizi hapa Uingereza hakuna harusi yetu utakayokwenda usikute kijana anayesoma sheria, na mama yake atakwambia hata kabla hujaketi. Lakini baina ya shahada na uwakili wa mahakamani kuna mlango mwembamba. Lazima upate nafasi ya uanagenzi katika ofisi za mawakili, na nafasi hizo siku zote ni chache kuliko wanaozitaka. Wapo wanaopita, alhamdulillahi. Wapo wanaoomba mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa tatu, kisha wakaenda kufanya kazi nyingine, na nyumbani kukawa kimya. Katika kimya hicho swali huwa ni lile lile: je, ni uwezo, au ni rangi? Kwa hiyo tuliposoma kwamba mtu huyu naye alisimama mlangoni hapo, tena miaka mia na zaidi iliyopita, tulikisoma kisa chake kwa jicho la mwenye haja.

Safari yenyewe nayo inatuhusu. Gandhi aliondoka Bombay Aprili 1893, na meli yake ikapita kwetu. Lamu ilitia nanga saa chache tu. Akashuka, akaenda posta, akazungumza na makarani wa Kihindi, akawaangalia Waafrika wa pale na kutaka kuyajua maisha yao. Wakati wa kurudi mkondo wa maji ukawa mkali, mashua ikayumba, nusura meli imwache. (Mama mmoja wa Lamu aliyekuwapo kikaoni alicheka sana hapo, mkondo huo anaujua.) Kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa zaidi ya wiki akingoja meli nyingine ya kwenda kusini. Kisa cha Unguja mtakisoma wenyewe, maana si cha gazeti linalosomwa na watoto.

Turudi Natal. Alikwenda huko kwa kesi moja ya mfanyabiashara Dada Abdulla, mkataba wa mwaka mmoja. Kesi ikaisha, akaandaliwa karamu ya kuagwa, na katika karamu hiyo hiyo akaona gazetini habari ya mswada wa kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura. Wenzake wakamwomba abaki. Akakubali, lakini akasema kazi ya umma haichukulii mshahara. Ataishi kwa uwakili wake. Alipiga hesabu kwamba nyumba ya hadhi ya wakili haiendeki bila ya kiasi cha paundi 300 kwa mwaka, na wafanyabiashara kama ishirini wakaahidi kumpa kesi zao. Basi ndiyo akaomba kuandikishwa. Vyeti hakuwa na upungufu: aliitwa kwenye uwakili na Inner Temple, papa hapa London, Juni 1891.

Chama cha Mawakili kikatoa pingamizi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba cheti halisi cha Uingereza hakikuambatishwa na ombi. Kila aliyewahi kuomba viza, kazi au nyumba katika nchi hii anaijua pingamizi hiyo: karatasi moja haimo. Ya pili ndiyo ilikuwa na kiini. Walisema kwamba kanuni za kuandikisha mawakili zilipotungwa, hakuna aliyefikiri kwamba iko siku mtu wa rangi angekuja kuomba. Natal imekuzwa kwa juhudi za Wazungu, kwa hiyo Wazungu ndio wanaostahili kuwa na nguvu katika uwakili. Watu wa rangi wakifunguliwa mlango, pole pole watawazidi Wazungu kwa idadi, na kinga yao itavunjika.

Tunaomba msomaji asikimbie hapa, maana hapa ndipo sura hii inapotupa kitu ambacho leo hatukipati. Wale mawakili wa Natal waliiandika sababu yao. Waliiweka mezani, mbele ya majaji, kwa hati, kwamba tunaogopa idadi. Hakuna ofisi leo itakayokuandikia hivyo. Utaandikiwa kwamba mwaka huu waombaji walikuwa wa kiwango cha juu mno, na wanakutakia kila la heri. Majaji wa hapa wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 1991, katika kesi ya King dhidi ya Great Britain-China Centre, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ni nadra kupata ushahidi wa wazi wa ubaguzi wa rangi, na kwamba ni wachache watakaokiri kuwa wamebagua, hata kukiri ndani ya nafsi zao. Kwa hiyo anayedai leo hulazimika kukusanya vijiti vidogo vidogo: swali gani aliulizwa yeye na mwenzake hakuulizwa, nani alichukuliwa na kwa alama zipi, barua ilichukua siku ngapi. Gandhi hakuwa na kazi hiyo. Adui wake alisema kwa kinywa chake.

Lakini sehemu iliyotuweka hadi usiku si ya mahakamani. Ni ya mazungumzo yaliyotangulia kesi. Chama kilikuwa kimemweka wakili mmoja mkubwa kuendesha pingamizi lake. Wakili huyo alikuwa na ujirani wa kikazi na Dada Abdulla, akampelekea Gandhi salamu kwamba angependa kumwona. Gandhi akaenda. Yule wakili akamuuliza asili yake, ametoka wapi, wazazi wake ni nani, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba hana neno juu yake. Alichohofia ni kuwa pengine huyu ni mlaghai fulani aliyezaliwa papo hapo koloni, kwani wako watu waliokwisha kutumia vyeti visivyo vyao. Na vyeti vya tabia njema ambavyo Gandhi aliviambatisha kutoka kwa wafanyabiashara wa Kizungu havina maana kwake, wanamjulia wapi?

Tazameni jinsi upole huo ulivyojengwa. Anamwambia: wewe huna neno, neno liko kwa wale. Na wale ni akina nani? Ni Wahindi waliozaliwa Natal, watoto wa vibarua walioletwa kwa mikataba kulima miwa. Mtoto wa kibarua huyo akija na cheti, cheti chake ni cha wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Gandhi, ambaye baba yake alikuwa waziri mkuu wa himaya ndogo huko Kathiawar, anaruhusiwa kupenya kwa sababu ana asili ya kutajika.

Gandhi alilihisi hilo. Anaandika kwamba maneno yale yalimkasirisha, na moyoni mwake likapita swali: kuandikishwa kwangu kuwa wakili kunahusiana nini na kuzaliwa kwangu? Hata ningekuwa nimezaliwa katika unyonge au katika hali ya kulaumiwa, lingetumikaje dhidi yangu? Kisha akajizuia. Akamjibu kwa sauti ya chini kwamba ingawa hakubali kuwa Chama kina haki ya kudai maelezo hayo yote, yuko tayari kuleta hati ya kiapo ya Dada Abdulla. Akaileta. Yule wakili akaridhika, ila Chama hakikuridhika, na shauri likaenda mbele.

Sisi tunasema kwamba swali hilo lililobanwa moyoni ndilo lililo zito kuliko yote katika sura nzima, na halikutamkwa mbele ya aliyestahili kuulizwa. Tunalijua kwa kuwa mwandishi alitueleza sisi, wasomaji wake, miaka thelathini baadaye. Kama mwandishi, tunamvulia kofia: angeweza kujipamba, akatia katika kinywa chake cha ujana hotuba ya kishujaa, na nani angembishia? Hakufanya hivyo. Ameandika kwamba alifikiri hivi na akasema vile. Sura nyingi za kitabu hiki zina ukweli wa namna hiyo, wenye kuchoma, ulioandikwa kwa sentensi fupi kama za mtu anayehesabu fedha za watu. Lakini kama mdai, hapo tuna la kusema, na tutalisema mbele.

Mahakamani mambo yalikwenda haraka. Ombi liliwasilishwa na Mwanasheria Mkuu wa koloni mwenyewe, Harry Escombe, ambaye pia alikuwa akimfanyia Dada Abdulla kazi za sheria. Jaji Mkuu akaitupa pingamizi ya cheti. Juu ya ile ya rangi akasema kwamba sheria haikutofautisha baina ya mweupe na asiye mweupe, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kumzuia. Ilikuwa tarehe 3 Septemba 1894. Gandhi akaapa. Mara tu alipokwisha kuapa, Jaji Mkuu akamwambia kwamba sasa inampasa avue kilemba chake, kwa kuwa mawakili wana kanuni za mavazi na yeye ni wakili.

Akavua.

Kwetu pwani neno hili kilemba lina uzito wake. Mwanafunzi akihitimu kazi kwa fundi wake hutoa kilemba, yaani ada ya kumshukuru aliyemfundisha. Kule Natal ilikuwa kinyume: aliyehitimu ndiye aliyevuliwa. Na ni kilemba kile kile alichokuwa amekipigania. Siku chache tu baada ya kufika Durban mwaka 1893, Dada Abdulla alimpeleka kuiona mahakama, hakimu akamkodolea macho, mwishowe akamtaka avue kilemba. Gandhi akakataa, akatoka nje, akaandika magazetini kutetea haki yake. Wakati mmoja alifikiri avae kofia ya Kizungu ili yaishe, Dada Abdulla akampinga: ukivaa kofia hiyo utaonekana mtumishi wa hotelini, na utawavunja moyo wanaovaa vilemba vyao. Basi mwaka mmoja baadaye anavua bila ya neno.

Wenzake walichukia. Yeye akawaeleza kwamba penye desturi ya mahakama mtu hufuata desturi ya mahakama, kwamba kukataa amri ya afisa wa India ni jambo moja na kukaidi kanuni ya mahakama anayoitumikia ni jambo jingine, na kwamba nguvu zake anaziweka kwa vita vikubwa zaidi. Kisha anaongeza, kwa ule ukweli wake, kwamba aliwatuliza kidogo lakini hadhani kuwa aliwaridhisha.

Hapo kikao chetu kiligawanyika kama mkate. Mzee mmoja, ambaye aliingia nchi hii miaka ya sabini na kwa heshima yake hatumtaji, aliona Gandhi alifanya jambo la busara. Alimgeukia binti mmoja anayetafuta nafasi ya uanagenzi, akamwambia:

"Vua, mwanangu, uingie. Ukishakuwa ndani, nani atakuja kukutoa?"

Binti akamjibu kwa adabu, lakini akamjibu.

"Mzee wangu, mimi nimeshavua mengi. Jina nimelifupisha. Lafudhi ya nyumbani nimeiacha nyumbani. Hata chama chetu hiki, kazi niliyofanya miaka minne ya kuwasomesha watoto Kiswahili, nimekiondoa katika wasifu wangu, kwa sababu niliambiwa kinanifanya nionekane ni wa upande mmoja. Na bado sijaingia."

Yule mzee hakusema kitu. Nasi hatukuwa na la kusema, maana chama kilichoondolewa katika wasifu ndicho kilichotukalisha hapo.

Hatuwezi kumhukumu Gandhi kwa kipimo cha binti huyo, kwa sababu Gandhi alivua baada ya kuapa, alipokuwa amekwisha kuwa wakili, na binti anavuliwa kabla hajafikia mlango. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini tunaweza kuuliza ushindi wa mwaka 1894 ulikuwa umesimama juu ya nini. Jaji Mkuu hakusema kwamba ni dhuluma kumzuia mtu kwa rangi yake. Alisema kwamba sheria imenyamaza. Na waliotunga sheria hizo walikuwa papo hapo, wazima, wenye kalamu mkononi.

Na kalamu wakaitumia. Mwaka 1896 Natal ikapitisha sheria ya kura iliyowaondoa wenyeji wa nchi zisizokuwa na mabunge ya kuchaguliwa. Neno Mhindi halimo. Mwaka 1897 ikaja sheria ya wahamiaji, ya kumtaka anayeingia aweze kuandika ombi kwa lugha ya Ulaya, rangi haikutajwa. Mwaka huo huo ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyompa afisa uwezo wa kukunyima leseni bila ya wewe kuwa na pa kukatia rufaa mahakamani. Hapo pia rangi haikutajwa. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni huko London, akaipenda njia hiyo ya Natal akawapendekezea wengine, na Australia mwaka 1901 ikaweka mtihani wake wa imla kwa mfano huo. Yaani Jaji Mkuu alisema sheria haitofautishi, nao wakajifunza kutunga sheria isiyotofautisha karatasini na inayotofautisha dirishani kwa afisa. Escombe yule yule aliyewasilisha ombi la Gandhi alikuwa pamoja na Wazungu wa Durban waliotaka kuzizuia meli mbili zisishushe abiria wa Kihindi Januari 1897, na mwaka huo huo akawa waziri mkuu wa Natal. Mtu akisoma sura ya uwakili peke yake atamwona Escombe kama rafiki mwema tu. Ni lazima aendelee mpaka sehemu ya tatu akutane naye tena bandarini.

Sasa lile tulilosema tutalisema mbele. Katika sura hii Mwafrika hayupo. Kule Lamu aliwaona, akapenda kujua maisha yao; katika mahakama ya Natal, nchi ya Wazulu, hakuna hata mmoja, si katika hoja ya Chama wala katika jibu la mwandishi. Watu wa rangi wanaoogopwa kuwa wengi ni Wahindi. Kwamba Mwafrika naye angeweza kuomba, jambo hilo halikumpitia mtu yeyote akilini, angalau kwa jinsi sura ilivyoandikwa. Na tunajua kutoka katika maandishi ya Gandhi mwenyewe ya miaka hiyo, ile barua ya wazi kwa wabunge wa Natal ya Desemba 1894 na hotuba ya Bombay ya Septemba 1896, kwamba moja ya malalamiko yake ni kuwa Wazungu wanataka kumshusha Mhindi awe sawa na Mwafrika, ambaye amemtaja kwa neno ambalo hatutaliandika hapa. Haya si siri. Ashwin Desai na Goolam Vahed wameyakusanya katika kitabu chao cha mwaka 2015, na mwaka 2018 sanamu ya Gandhi iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana kwa ajili ya maneno hayo. Wapo pia wanaokumbusha, kama Ramachandra Guha, kwamba mtu huyu alibadilika, na kweli kufikia 1908 alikuwa akizungumza Johannesburg juu ya siku ambapo jamii zote za Afrika Kusini zitachanganyika. Tunayakubali yote mawili. Kitabu tunachokisoma kiliandikwa baada ya mabadiliko hayo, na bado katika sura hii nafasi ya Mwafrika ni tupu.

Hii ndiyo sababu tunalia na swali lile lililobanwa moyoni. Lingetamkwa, lingewabeba wote: mtoto wa kibarua wa miwa, na Mzulu, na yeyote yule. Kuzaliwa kwangu kunahusu nini? Lakini hati ya kiapo ya Dada Abdulla ilimbeba mmoja tu. Ilisema, huyu namjua, huyu ana kwao.

Miaka kumi na sita baadaye alikuja aliyekuwa hana Dada Abdulla. Alfred Mangena, Mwafrika wa Natal, alisoma sheria Lincoln's Inn hapa London, akaitwa kwenye uwakili mwaka 1909, Mwafrika wa kwanza wa Afrika Kusini kufikia hapo. Mwaka 1910 akaomba kuandikishwa Transvaal, Chama cha Mawakili cha huko kikampinga kwa sababu ni Mwafrika, na mahakama ikamkubali. Kesi yake imo katika vitabu vya sheria kwa jina lake. Lakini Mangena hakuacha simulizi ya maisha inayosomwa dunia nzima, na ndiyo maana kikao chetu kilisoma Gandhi. Kama yuko msomaji mwenye maandishi ya Mangena, au aliyepata kusoma habari zake kwa urefu, tunaomba atuandikie. Tungependa kumsoma mtu huyo kwa kauli yake.

Tukiyatazama ya kwetu, Afrika Mashariki haikuhitaji Chama cha kupinga, kwa sababu milango ya kusomea sheria ilikuwa imefungwa mbali kabisa na mahakama. Kenya ilimpata wakili wake wa kwanza Mwafrika, C.M.G. Argwings-Kodhek, katika miaka ya hamsini, na yeye pia alisomea ng'ambo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza na kitivo cha sheria, na hilo peke yake linaonyesha pengo lilikuwa wapi. Msomaji kijana asidhani kwamba babu zake hawakuupenda uwakili.

Na hapa Uingereza? Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya mwaka 1976 ilizikataza taasisi zinazotoa sifa za kazi kubagua, lakini mawakili wa mahakamani, kwa kuwa hawaajiriwi, walibaki pembeni katika suala la nani anachukuliwa ofisini mwao, mpaka sheria nyingine ya mwaka 1990 ilipowagusa waziwazi, uanagenzi ukiwemo. Sasa yote yamo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Sheria hiyo ina kifungu ambacho kila mzazi angefaa akijue: mdai akileta mambo ambayo, pasipo maelezo mengine, mahakama inaweza kuona kuwa kulikuwa na ubaguzi, basi mzigo unamhamia mdaiwa, yeye ndiye wa kueleza. Ndivyo wanavyojaribu kulitatua tatizo la wasiokiri. Muda wa kupeleka dai, hata hivyo, huhesabiwa kwa miezi, si kwa miaka, na anayekaa akinung'unika kwa jirani hujikuta ameupoteza.

Kilemba nacho kiliingia mahakamani, ila kilichukua muda. Mwaka 1982 Mota Singh aliteuliwa kuwa jaji hapa Uingereza, Msikh wa kwanza, akaketi kitini na kilemba chake cheupe badala ya wigi la majaji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1930. Tulipolisoma hilo yule mzee aliinuka kidogo kwenye kiti, kana kwamba ametajiwa jamaa. Lakini binti akakumbusha kwamba mwaka 2020 wakili mmoja kijana, mweusi, alieleza hadharani jinsi alivyodhaniwa mshtakiwa mara tatu katika siku moja, mpaka mkuu wa idara ya mahakama akaomba radhi; na mwaka 2022 mwingine aliuliza kama wigi linawezekana kuvaliwa juu ya nywele za afro, na mjadala ukawaka. Wigi hilo linatengenezwa kwa manyoya ya farasi, ikiwa kuna asiyejua.

Kwa anayetaka kuisoma sura yenyewe, atafute toleo lenye sehemu zote tano, maana vifupisho vingi huiruka na kwenda moja kwa moja kutoka tukio la treni mpaka vita vya Makaburu. Na aisome akiwa na jambo moja ambalo mwandishi hakulitia humo. Gandhi alianza kuandika simulizi hii mwishoni mwa 1925. Miaka mitatu kabla yake, Novemba 1922, Inner Temple ilikuwa imelifuta jina lake katika orodha ya mawakili kwa sababu ya kifungo alichohukumiwa India. Aliyeeleza jinsi alivyokubaliwa kuwa wakili, alipokuwa akieleza hakuwa wakili tena, na katika sura hii hakuligusa hata kwa neno moja. Jina lake lilirudishwa mwaka 1988, miaka arobaini baada ya kuuawa kwake.

Kikao kijacho tunarudi kwenye riwaya. Atakayepika chai ni zamu ya walioichelewa hii.